Kimelea Chenye Vitenge 60: Kwa Nini Malaria Humlaza Mmoja na Kumwacha Mwingine

Kwetu Buzebazeba, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mtu mzima haogopi malaria. Akisikia viungo vinauma atasema, "Ka-malaria tu haka," anameza dawa, na kesho kutwa yuko sokoni Mwanga kama kawaida. Lakini katika nyumba hiyohiyo, mtoto wa miaka miwili anaweza kuamka na homa na jioni akashikwa na degedege. Mbu ni walewale, ugonjwa ni uleule. Kwa nini mmoja anatembea na mwingine anapoteza fahamu?

Mimi nasomea ualimu wa baiolojia, na najua swali hili nitakuja kuulizwa darasani. Tena si swali dogo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha Kigoma ikiongoza nchini: asilimia 24 ya watoto chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Kwa hiyo, wenzangu, tulisome pamoja. Sehemu kubwa ya jibu imo katika jeni za kimelea chenyewe.

Kwanza tukijue

Malaria nyingi ya Tanzania huletwa na Plasmodium falciparum, aina iliyo hatari kuliko zote. Mwaka 2002 wanasayansi walikamilisha kusoma vinasaba vyake vyote: kromosomu 14 zenye jeni zipatazo 5,300. Kikiingia kwenye seli nyekundu ya damu, kinakula hemoglobini, kinazaana, na baada ya saa 48 hivi seli inapasuka na vimelea vipya vinavamia seli nyingine. Hapo ndipo homa inapopanda.

Tatizo la kimelea ni wengu. Kiungo hiki huchuja damu, na seli iliyoharibika ikipita pale inaondolewa. Basi kimelea kinafanya ujanja: kinatengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuichomoza nje ya seli, juu ya vinundu vidogo. Protini hiyo hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Seli ikishanata haizunguki tena, na isipozunguka haifiki kwenye wengu.

Sanduku la vitenge

Protini hiyo inaweza kuonwa na kingamwili, yaani askari wa mwili. Ingekuwa ya aina moja tu, mwili ungeizoea mapema na kazi ingeisha. Lakini kila kimelea kina jeni zipatazo 60 za kuitengeneza, zinaitwa jeni za var, na ziligunduliwa mwaka 1995. Kila jeni inatoa protini ya umbo lake.

Chukulia ni mama mwenye sanduku la vitenge 60. Havai vyote kwa pamoja. Anavaa kimoja, vingine vinabaki vimekunjwa. Askari wakishakariri kitenge cha leo na kuanza kukamata kila aliyekivaa, wachache waliokwisha kubadilisha wanapita katikati yao bila kujulikana. Ndiyo maana malaria isiyotibiwa inaweza kukaa mwilini kwa miezi.

Na sanduku la kimelea kimoja si sawa na la kingine. Vimelea tofauti vikikutana tumboni mwa mbu vinachanganya jeni zao, na jeni nyingi za var zipo karibu na ncha za kromosomu, mahali ambapo hubadilishana vipande kwa urahisi. Kila msimu mitindo mipya inashonwa.

Kitenge kinachoua

Sasa tufike kwenye kiini. Vitenge vyote havina hatari sawa. Kuna protini zinazonata sehemu ambazo mwili unavumilia. Nyingine zinanata mahali pabaya.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka hapahapa nchini. Mwaka 2012 watafiti wa Tanzania na Denmark walichapisha matokeo ya kuchunguza vimelea vya watoto waliolazwa Korogwe, mkoani Tanga. Vimelea vya watoto wenye malaria kali vilikuwa vinatumia zaidi kundi fulani la jeni za var. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba protini za kundi hilo hunata kwenye kipokezi kiitwacho EPCR, kilichopo kwenye kuta za mishipa ya damu. Kazi ya kipokezi hicho ni kusaidia kuzuia damu isigande ovyo na mishipa isivimbe wala kuvuja. Kimelea kikikikalia, ulinzi huo unapungua. Likitokea hilo kwenye mishipa ya ubongo, mtoto anapata degedege na kuzimia. Kwa hiyo degedege la malaria si shetani wala ndege aliyepita juu ya paa. Ni mishipa ya ubongo iliyoshikwa, na kila saa ina thamani.

Mtu mzima wa Buzebazeba ameumwa mara nyingi na askari wake wameshakariri vitenge vingi, vikiwemo vile vya hatari. Mtoto bado hajakariri vingi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao.

Mjamzito naye

Kuna jeni moja ya var, inaitwa var2csa, ambayo protini yake hunata kwenye kondo la nyuma. Mwanamke ambaye hajawahi kushika mimba hana kondo, hivyo mwili wake haujawahi kukiona kitenge hicho, hata kama amezaliwa na kukulia Ujiji. Ndiyo maana mimba ya kwanza huwa na hatari zaidi: upungufu wa damu kwa mama na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Zile dawa za SP zinazotolewa kliniki hazitolewi kwa mazoea.

Ukali si usugu

Tusichanganye mambo mawili. Ukali ni namna kimelea kinavyoumiza. Usugu ni namna kinavyohimili dawa, nao una jeni zake. Huko Karagwe, mkoani Kagera, watafiti wamekuta vimelea vyenye badiliko kwenye jeni ya kelch13, linalovifanya vichelewe kuondoka mwilini mgonjwa anapotumia artemisinini, dawa iliyomo ndani ya mseto. Kagera si mbali na kwetu.

Tufanye nini?

Moja, usipime malaria ya mtoto kwa malaria yako. Homa ya mtoto ni ya kwenda zahanati leo, si ya kusubiri tuone kesho. Mbili, kinga yetu hupungua tukikaa mbali. Wewe uliyesoma miaka mitatu kwenye mkoa wa baridi, ukirudi nyumbani likizo lala ndani ya chandarua, usijidai mwenyeji. Tatu, pima kwanza, kisha maliza dozi yote. Vile vidonge viwili tunavyobakiza na kugawiana hosteli havimponyi mtu.

Na kwa walimu wenzangu watarajiwa: tukifundisha malaria, tusiishie kwenye mzunguko wa maisha ya mbu. Tufundishe na sanduku la vitenge. Mwanafunzi atakayelielewa ataweza kumwambia bibi yake kwa adabu kwa nini mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali kwanza.