Neema ya ndoa na miezi tisa ya mama



Katika mafundisho ya ndoa tunaambiwa kwamba Sakramenti hiyo huwapa mume na mke neema yake ya pekee. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inaieleza katika namba 1641 na 1642: ni nguvu ya kupendana, kusameheana, kuchukuliana mizigo na kulea watoto. Wengi tulijibu vizuri maswali ya katekista, tukafunga ndoa, watu wakapiga vigelegele. Lakini Jumatatu, shambani na jikoni, neema hiyo inaonekana wapi? Sisi wauguzi tunapenda kuitafuta leo mahali pamoja tu, katika ujauzito wa mama wa kijijini, tuseme wa Titye, wilaya ya Kasulu.

Mama huyu analima, anachota maji, anatafuta kuni, anapika, na mgongoni ana mtoto. Tukimuuliza baba, anajibu kwamba mimba si ugonjwa. Ni kweli, si ugonjwa. Ila mwili wa mama unatengeneza damu ya watu wawili, na jembe halimpunguzii kazi hiyo. Baba anayefunga madumu kwenye baiskeli akaenda mwenyewe kisimani ameanza kuitumia neema ya ndoa yake, hata wenzake wakimcheka kilabuni. Vivyo hivyo yule anayehakikisha mkewe anapata maharage, mboga za majani, dagaa na yai, badala ya kuuza mayai yote mnadani. Na katika Kwaresima, mama mjamzito asijinyime chakula. Kanisa halimdai mfungo huo.

Kliniki ianze mapema, kabla ya wiki 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na wahudumu angalau mara 8 katika ujauzito mmoja. Huko hupimwa wingi wa damu, shinikizo la damu, kaswende na virusi vya UKIMWI. Baba naye apime. Akija pamoja na mkewe, mengi huwa rahisi. Mama hupewa vidonge vya kuongeza damu vya kumeza kila siku. Choo kikiwa cheusi asiogope wala asiviache, ndivyo vinavyofanya. Kuanzia mwezi wa nne hupewa pia SP ya kuzuia malaria, dozi baada ya dozi, zikipishana mwezi mmoja au zaidi. Anayetumia septrini kila siku hapewi SP. Na chandarua kitumike kitandani, kisifunike vifaranga!

Sasa tufike kwenye jambo linalotusumbua zaidi. Mama akitokwa damu, akiumwa kichwa sana, akiona maluweluwe, akivimba uso na mikono, akipata homa au degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, hapo hakuna kungoja. Vivyo hivyo chupa ikipasuka kabla ya uchungu. Damu nyingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mama ndani ya saa mbili. Sindano ya kuzuia damu hiyo ipo, lakini ipo kituoni, haiko chini ya mgomba. Wapo wanaosema, "Tusali kwanza, tutakwenda asubuhi." Tusali, naam, ila tusali tukiwa njiani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kwamba tabibu na dawa vimetoka kwa Mungu, na kinamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Kumchelewesha mama kwa jina la imani ni kumjaribu Mungu.

Ndiyo maana safari ipangwe mapema. Baba na mama wakubaliane atajifungulia wapi, nani atabaki na watoto, pikipiki ya nani itaitwa usiku wa mvua, na fedha zimewekwa wapi. Wakubaliane pia kwamba baba akiwa safarini, mama au mkwe wake anaweza kuamua bila kumsubiri. Tumeona saa nyingi zikipotea kwa kungoja ruhusa ya mtu aliye mbali.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zina sehemu yao. Mfuko wa usafiri unasaidia, lakini kuna sadaka nyingine isiyohitaji fedha: damu. Katika hospitali kama ile ya jimbo letu iliyoko Kabanga, damu humhusu mama anayejifungua na pia mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Mtu mwenye afya njema, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa; mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha wasitoe. Kula kwanza, usije na njaa.

Tunawaomba viongozi wa Jumuiya jambo moja: msije wote siku ya sherehe ya somo wa parokia. Damu nzima huhifadhiwa kwa siku 35 tu, kisha humwagwa. Pangeni zamu, Jumuiya moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao, na msiuache mtupu msimu wa mvua, malaria inapozidi.