Huduma ya Kwanza ya Kisaikolojia

Mtahiniwa, tarehe 11 Machi 2015 basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liliangukiwa na kontena la lori eneo la Changarawe, Mafinga, mkoani Iringa. Zaidi ya watu 40 walifariki. Ukiulizwa kuhusu waathirika wa ajali kama hiyo, usiishie kwa majeruhi na wafiwa. Waokoaji waliotoa miili nao huweza kukosa usingizi, kushtukashtuka au kukwepa mahali pa tukio. Siku za mwanzo hali hiyo ni ya kawaida. Ikizidi mwezi mmoja, mhusika apelekwe hospitali. Msaidizi humtafutia mwathirika maji, blanketi na ndugu zake, kisha humsikiliza. Hamlazimishi kusimulia (hapa wengi hupoteza alama), wala hamwambii “jikaze”.