Gari nafuu Japani, ghali bandarini

Wafanyabiashara wadogo wengi wanaoagiza gari lililotumika hutazama bei moja tu, ile ya muuzaji. Hapo ndipo mtaji huanza kukatika. Bei ya kweli ni ya gari likiwa limetoka geti la bandari ya Dar es Salaam, na umri wa gari waweza kuipindua.

Soko kubwa ni Japani. Kule usukani uko kulia kama kwetu, na gari jipya dogo hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Ukaguzi ni gharama, hivyo wengi huuza mapema. Magari mengi hupitia mnadani yakiwa na karatasi ya hali ya gari. Dai nakala yake kabla ya kulipa.

Ukitajiwa bei, uliza: FOB au CIF? FOB huishia melini. CIF ina nauli na bima hadi Dar. Kodi huanzia kwenye CIF: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo.

Tuchukue mfano wa magari mawili madogo ya cc 1,500, ambayo ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 5. La kwanza lina miaka saba, CIF dola 4,000. Forodha ni 1,000, bidhaa 250, VAT 945. Jumla dola 6,195.

La pili lina miaka 12, CIF dola 3,200. Forodha ni 800, bidhaa 200, nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30 ni 1,200, VAT 972. Jumla dola 6,372. Nafuu ya dola 800 imeyeyuka, na umelipa 177 zaidi kwa gari kuukuu.

Usitegemee ankara iliyopunguzwa. TRA ina thamani zake za magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kiko wazi kwa kila mtu. Kitumie kabla ya kutuma fedha, kwani viwango hubadilika na Bajeti. Kisha ongeza gharama za bandari, wakala na usajili.

Lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina la kampuni, si la mtu. Tafuta wakala wa forodha kabla meli haijatia nanga. Gari likilala bandarini, tozo ya hifadhi hula faida yako.