Dondoo Muhimu: Vitenzi vya Kiingereza vyenye Vijineno

Unajua *give* ni kutoa na *up* ni juu, lakini *give up* ni kukata tamaa au kuacha jambo. Maana haipatikani kwa kujumlisha, kwa hiyo usiandike kitenzi peke yake daftarini. Andika sentensi nzima: *He gave up smoking*.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni mahali pa yambwa. Likiwa nomino, una uhuru: *Turn off the light* na *Turn the light off* zote ni sahihi. Likiwa kiwakilishi kama *it* au *them*, uhuru umekwisha, sharti likae katikati: *Turn it off*. Ukisema *Turn off it* umekosea. Yambwa refu liache mwisho, *Turn off the light in the upstairs room*, msikilizaji asingoje *off* mpaka apoteze mkondo.

Hata hivyo, si vitenzi vyote vinavyogawanyika. Katika *look for*, yaani tafuta, kijineno ni kihusishi, nasi husema *Look for it*, kamwe si *Look it for*. Hapa sikio husaidia kuliko kukariri orodha: tamka kwa sauti *turn it off*, usikie *off* inavyobeba mkazo, kisha *look for it*, ambapo *for* hupita haraka.

Vitenzi vya vijineno viwili, kama *put up with*, kwa kawaida havitenganishwi. Na wanaoandika barua wazingatie: *I look forward to seeing you*, si *to see you*.