Hesabu ya Mapigo katika Muziki wa House

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kazi ya mchezesha santuri ni kubadilisha sahani tu. Katika somo hili tutaona kwamba kazi hiyo ni hesabu ya mwendo na wakati.

Muziki wa house ulizaliwa mjini Chicago, Marekani. Mwaka 1977 ilifunguliwa huko klabu iitwayo Warehouse, ambayo mchezesha santuri wake alikuwa Frankie Knuckles. Inasemekana kwamba jina la muziki huu lilitokana na klabu hiyo. Ngoma kubwa hupigwa kwa nafasi zilizo sawa, aghalabu mapigo 120 hadi 130 kwa dakika. Ili wacheza dansi wasisimame, sahani ya pili huanza kabla ya ile ya kwanza kwisha. Hapo ndipo penye mtihani.

Tuseme sahani A ina mapigo 120 kwa dakika, na B mapigo 125. Pengo la pigo hadi pigo ni sekunde 0.50 katika A, na sekunde 0.48 katika B. Zikianza pamoja, baada ya sekunde 6 zitakuwa zimepishana kwa nusu ya pigo, na mcheza dansi hatajua afuate ngoma ipi. Baada ya sekunde 12, A itakuwa imetimiza mapigo 24 na B 25. Zitakutana, kisha zitaachana tena.

Jaribio

Funga mawe mawili kwenye nyuzi, uyaning'inize. Urefu kutoka fundo la juu hadi katikati ya jiwe uwe sm 100 kwa moja na sm 92 kwa la pili. Yavute kidogo upande mmoja, uyaachie pamoja. Hesabu kila kwenda na kurudi kuwa moja. La uzi mrefu likitimiza 24, la uzi mfupi litatimiza 25. Sababu ni kwamba muda wa kubembea hufuata kipeuo cha pili cha urefu, wala si uzito wa jiwe.

Dawa yake

Kasi ya A yapasa kuongezwa kwa 1/24, yaani karibu asilimia 4.2. Mashine ya Technics SL-1200MK2 ina kitelezi kinachobadilisha kasi hadi asilimia 8, juu au chini. Lakini sahani ikienda upesi, sauti nayo huwa nyembamba zaidi: mitetemo 440 kwa sekunde huwa karibu 458. Kompyuta za leo zaweza kuongeza kasi bila kubadili wembamba wa sauti.

Hata mapigo yakilingana, besi mbili hugombana. Kilele cha wimbi kikikutana na kilele, sauti huvimba. Kikikutana na bonde, hufifia. Kwa hiyo fundi hupunguza besi ya sahani moja.

Maswali

1. Sahani zina mapigo 120 na 121 kwa dakika. Zitapishana kwa nusu ya pigo baada ya muda gani?
2. Katika jaribio, uzi mrefu ukiwa sm 50, mfupi uwe sm ngapi?

Majibu: (1) sekunde 30, (2) karibu sm 46.