Maji ya Visima Kando ya Mgodi wa Kale

Dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, iligunduliwa mwaka 1922. Mgodi mkubwa wa eneo hilo, New Saza, ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956. Saza, iliyokuwa sehemu ya Chunya, tangu 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Mgodi ufungwapo, mashine hunyamaza, lakini unga wa mawe yaliyosagwa, ambao wachimbaji huuita marudio, hubaki juu ya ardhi na kunyeshewa kila masika. Maji yapenyayo katika marudio hufika wapi, na lini?

1. Yatokeayo ndani ya marudio

Dhahabu ya Lupa hupatikana katika mishipa ya kwatzi pamoja na madini yenye salfa, kama vile pairiti (FeS₂) na galena, ambayo ina risasi. Jiwe likiwa zima chini ya ardhi, hewa haiifikii pairiti kwa urahisi. Likisagwa, pairiti hukutana na hewa na maji, na asidi ya salfuriki hufanyika:

4FeS₂ + 15O₂ + 14H₂O → 4Fe(OH)₃ + 8H₂SO₄

Pasipo mawe ya kutosha yenye kaboneti ya kupunguza ukali wake, asidi hiyo huyeyusha metali na kushuka nazo.

Tabia ya zebaki, itumiwayo na wachimbaji wadogo kunasia dhahabu, ni tofauti. Hiyo hushikamana na udongo, na aghalabu husafiri pamoja na tope la vijito. Kwa hiyo apimaye maji ya kisima peke yake aweza kuikosa kabisa. Mito ya Lupa huelekea Ziwa Rukwa, ambalo halina mto utokao. Kiingiacho humo hakina njia ya kwenda baharini.

2. Mwendo wa maji chini ya ardhi

Maji haya hujipenyeza polepole kati ya chembe za udongo. Kasi yake hukadiriwa hivi:

v = K × i ÷ n

K ni upenyevu wa ardhi, i ni mteremko wa usawa wa maji, na n ni sehemu ya ardhi iliyo na nafasi wazi za kupitisha maji. Tuseme, kwa mfano wa darasani, K ni mita 0.5 kwa siku, i ni 0.02 na n ni 0.1. Kasi itakuwa mita 0.1 kwa siku, yaani mita 36.5 kwa mwaka. Maji yaliyopita katika marudio yatakifikia kisima kilicho umbali wa mita 730 baada ya miaka 20. Metali huchelewa zaidi, kwa kuwa udongo huzishika njiani. Bali penye miamba yenye nyufa maji huweza kwenda upesi sana.

Ni dhahiri basi kwamba kisima kilichopimwa mara moja na kuonekana salama kimeeleza hali ya siku ile tu.

3. Jinsi ya kufuatilia

Huhitajika angalau visima vitatu vya uchunguzi, visivyo katika mstari mmoja, ili kujua mkondo unaelekea upande gani. Kimoja huwa juu ya marudio, kwa kulinganisha. Vingine huwa chini yake. Kwanza hupimwa kina cha maji. Kisha maji yaliyotuama hupampiwa nje, ndipo sampuli ichukuliwe. Sampuli ya kupimia metali zilizoyeyuka huchujwa, na kutiwa matone ya asidi ya naitriki ili metali zisigande kwenye chupa.

Kushuka kwa pH na kuongezeka kwa salfeti na kwa uwezo wa maji kupitisha umeme ni dalili za mwanzo. Shirika la Afya Duniani limependekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za risasi, 10 za aseniki na 6 za zebaki isiyo ya kikaboni kwa lita. Vipimo hurudiwa kiangazi na masika, mwaka hata mwaka, kwa visima vile vile na njia ile ile.

Nchini Tanzania, rasilimali za maji husimamiwa na bodi za mabonde: ya Ziwa Rukwa ina makao Mbeya, na ya Rufiji makao yake ni Iringa. Kanuni hizi zahusu pia machimbo madogo ya mkoani Iringa, kama ya Nyakavangala.

Maji yenye risasi huweza kuwa maangavu, yasiyo na harufu wala ladha mbaya. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji hupungua kwa mvuke, nazo hubaki sufuriani.

Maswali

1. Mteremko ukiwa 0.04 badala ya 0.02, maji yatakifikia kisima baada ya miaka mingapi?
2. Kwa nini kisima cha juu ya marudio hakiwezi kuachwa?
3. Kijiji kimepewa cheti cha maji salama cha miaka 15 iliyopita. Je, cheti hicho kinatosha? Toa sababu.