Samaki wa Mto: Halali Tayari, Je, ni Salama?

Samaki hahitaji kuchinjwa, na kwa sababu hiyo wengi wetu tukishajua kuwa ni halali hatuulizi tena. Lakini Qur'an, katika Suratul Baqara, imetaja halali ikaiambatanisha na twayyib, yaani kilicho chema. Leo tuitazame hiyo ya pili.

Kule Guangdong, kusini mwa China, hufugwa samaki mkubwa wa maji baridi anayekula majani, ambaye asili yake ni mashariki ya Asia. Wapo wanaomla mbichi, minofu ikiwa imekatwa nyembamba. Ndani ya nyama yake huweza kukaa vijidudu vya mnyoo wa ini, visivyoonekana kwa macho. Vikimezwa, mnyoo hukulia kwenye mirija ya nyongo na huishi humo miaka mingi. Mwisho wake huweza kuwa saratani. Ndimu, siki na pilipili si kinga. Moto ndio kinga. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile wanayomeza watoto wetu shuleni kwa ajili ya kichocho.

Sisi wa Rufiji na Kibiti hatuli perege mbichi, alhamdulillah. Hata hivyo kambare mnene wa kubanikwa mara nyingi huwa mweusi nje na mbichi kwenye uti wa mgongo. Mpasue kabla ya kumbanika, kisha mchuzini achemke hadi nyama iachane na mfupa.

Kinachonitisha zaidi ni sumu. Wapo wanaoimwaga majini ili wavue kwa urahisi, ingawa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza. Wapo pia wanaonyunyizia samaki mkavu dawa ya wadudu ili nzi wasimguse. Hapa usitegemee moto wa jikoni. Samaki mkavu anayenuka dawa ya mikorosho, usimnunue hata kwa bei ya kutupa. Na yule ambaye hata nzi anamkimbia, mtilie shaka.

Waliokula wakianza kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo na misuli kuchezacheza, hawakulogwa. Msiwalazimishe kutapika wala kuwanywesha maziwa. Wapelekeni kituo cha afya pamoja na kipande cha samaki huyo. Nanyi wa vijiji vya delta, ambako boti husubiri maji yajae, tafuteni usafiri inapoonekana dalili ya kwanza, msingoje ya pili.